Utamu usio na nguvu: sashe za juisi, sheria, na uji wa watoto wetu

Kila siku tunawaletea habari za barabara, za mashambulizi na za misaada. Leo nataka tuongee juu ya kitu kidogo kinachouzwa kwenye kila kibanda cha mji huu: sashe ya unga wa juisi, ile unayomwaga ndani ya ndoo ya maji, maji yanageuka rangi ya chungwa au ya embe, na utamu unajaa mdomoni.

Kwa muda sasa maswali yanatufikia radioni. Mmoja anauliza: ni kweli unga huu unaleta kansa? Mwingine anauliza: kama si sukari, ni nini? Mwingine anauliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: je, kuna sheria? Mimi si mkemia wala muganga. Nilimaliza sekondari, nikafuata kozi ya uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza, kusoma na kurudisha jibu kwa lugha tunayosikilizana. Basi nilisoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na sashe yenyewe. Mbele kuna picha ya tunda na maandishi makubwa. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kuna orodha ya vitu vilivyomo. Ile ninayoiandikia makala hii, nimeiweka mezani, ina uzito wa gramu 10 na imeandikwa itiwe ndani ya lita mbili za maji. Ukisoma orodha yake unakuta asidi ya kuleta uchachu, rangi, harufu ya tunda, kisha neno la Kifaransa « édulcorants », yaani vitia utamu, na baada yake siklamati, sakarini, aspatami na asesulfami. Kwenye sashe nyingine majina hayaandikwi, zinabaki namba tu: E 952 ni siklamati, E 954 ni sakarini, E 951 ni aspatami, E 950 ni asesulfami. Ukiona namba hizo, ujue utamu unaoonja hautoki kwenye muwa.

Hivi ni vitu vilivyotengenezwa na wakemia. Sakarini ndiyo ya zamani. Iligunduliwa mwaka 1879 huko Marekani, katika maabara ya chuo kikuu cha Johns Hopkins, na Constantin Fahlberg aliyekuwa akifanya kazi na Ira Remsen. Ni tamu kuliko sukari mara 300 au zaidi. Siklamati ilipatikana mwaka 1937, nayo ni tamu mara 30 hadi 50. Aspatami ilipatikana mwaka 1965, na utamu wake ni karibu mara 200 ya sukari. Kwa sababu ya nguvu hiyo ya utamu, punje chache zinatosha ndoo nzima. Ndiyo maana sashe ni ndogo, na ndiyo maana bei yake ni ndogo.

Sasa tuje kwenye kansa. Mwezi wa saba mwaka 2023, shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka aspatami kwenye kundi la vitu ambavyo « huenda » vinaleta kansa kwa binadamu. Neno hilo lilizunguka dunia nzima na kufika hadi kwenye simu zetu hapa Bunia, lakini kwa njia likapoteza nusu yake. Siku ileile, kamati ya wataalam ya FAO na OMS inayochunguza viungo vya chakula ilisema haioni sababu ya kubadilisha kiasi kilichoruhusiwa tangu zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Wakatoa mfano: mtu mzima wa kilo 70 angepaswa kunywa makopo zaidi ya 9 hadi 14 ya soda yenye aspatami kwa siku moja ndipo apite kiasi hicho. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kikombe kimoja kitawaua, anawatisha bure.

Sheria zenyewe zina historia ndefu, na si zote zilitungwa kwa ajili ya afya. Ujerumani, mwaka 1902, ilitunga sheria iliyoiondoa sakarini madukani ikabaki kuuzwa kwenye duka la dawa. Wenye viwanda vya sukari walikuwa wamelalamika kwamba sakarini inawaharibia soko. Matokeo yake? Magendo. Watu walivusha sakarini kutoka Uswisi ikiwa imefichwa ndani ya nguo na mizigo. Vita vya kwanza vya dunia vilipoleta uhaba wa sukari, sakarini ikarudi mezani kwa watu. Sisi tunaoishi kati ya mpaka wa Mahagi na maji ya Ziwa Albert tunaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa: bidhaa nyepesi, ya bei ndogo, inayotakiwa na wengi, haizuiwi na karatasi peke yake.

Marekani nayo ilipiga marufuku siklamati mwaka 1969, baada ya panya wa maabara kupata uvimbe kwenye kibofu. Marufuku hiyo ipo hadi leo. Sakarini ilitaka kufuata mwaka 1977, lakini bunge lao likakataa, likaamuru tu kila pakiti iandikwe onyo. Onyo hilo likaondolewa mwaka 2000, baada ya kuonekana kwamba kilichowapata panya dume hakiwapati binadamu kwa njia ileile. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa upande wao, zinaruhusu siklamati mpaka leo, lakini kwa kipimo. Maana yake ni hii: sashe iliyo mbele yangu haiwezi kuuzwa New York, lakini siklamati iliyomo ingeweza kuuzwa Brussels kama haikupita kiasi. Kwa hiyo wengi wa watunga sheria hawaulizi tu « kitu hiki ni kibaya au kizuri? » Wanauliza: « Ni kiasi gani, na kwa nani? »

Hapo ndipo nilipotaka tufike pamoja, kwa sababu hapo ndipo sheria inapomgusa mtoto wa kambini.

Kamati ya FAO na OMS inaruhusu siklamati miligramu 11 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 250 ndani ya lita moja ya kinywaji. Tupige hesabu pole pole, kama darasani. Mtu mzima wa kilo 60: mara 11, ni miligramu 660. Anaweza kunywa lita mbili na nusu za kinywaji kilichofika kwenye kipimo hicho cha juu, na bado yuko ndani ya mpaka. Sasa chukua mtoto wa miaka miwili au mitatu mwenye kilo 12: mara 11, ni miligramu 132. Nusu lita ya kinywaji hichohicho ina miligramu 125. Nusu lita moja tu, na mtoto amefika karibu na mwisho wa kiasi chake cha siku nzima.

Na hesabu hiyo ni ya kinywaji kilichochanganywa na kiwanda, kikapimwa na kufungwa. Hapa kwetu anayechanganya ni nani? Ni mama wa barabarani, ni dada mkubwa nyumbani, ni mtoto aliyetumwa kisimani. Pakiti imesema lita mbili. Ndoo ndogo haina alama. Mteja anataka utamu zaidi. Sashe ya lita mbili inamwagwa ndani ya lita moja, na kipimo kimekuwa mara mbili. Hakuna aliyefanya dhambi. Sheria ilipima kikombe cha kiwandani, wakati kikombe chetu kinapimwa kwa macho.

Kupita kiasi siku moja si sumu ya kumwangusha mtoto. Wataalam wanapanga kiasi hicho kwa matumizi ya kila siku, maisha yote, na wanaacha nafasi kubwa ya usalama. Lakini « kila siku » ndiyo habari ya kambini.

Nilikuwa kambi ya Kigonze, hapa Bunia, kwa kazi nyingine kabisa. Mama mmoja aliyetoka upande wa Djugu alikuwa anakoroga uji wa asubuhi. Akachukua sashe ya juisi, akaikata kwa meno, akamwaga nusu ndani ya sufuria. Uji ukabadilika rangi. Nikamwuliza kwa heshima kwa nini anafanya hivyo.

« Yaya, sukari iko bei, » akasema. « Watoto wanakataa uji bila utamu. Hii iko na utamu mingi, na wameandika iko na vitamini. »

Jirani yake akaitikia: « Sisi wote tunafanya vile. »

Sikuwa na neno la kuwaambia pale pale, maana alichosema juu ya bei ni kweli, na juu ya vitamini ni kweli pia: pakiti nyingi zinaandika vitamini C. Lakini tangu siku ile ninauona uji ule. Kwa mtu wa Ulaya au wa Marekani, sifa ya sakarini ni kwamba haimpi mwili chochote. Yeye ana chakula kingi, anaogopa unene, anataka utamu bila nguvu. Mtoto wetu anahitaji kitu kilicho kinyume kabisa. Kipimo cha mkono wake kiko kwenye njano au nyekundu. Tumbo lake ni dogo, kikombe cha uji ndicho kifungua kinywa na pengine ndicho chakula cha mchana. Kila kijiko kinachoingia kinatakiwa kibebe nguvu.

Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 5 hivi, yaani kalori 20. Sakarini ya utamu uleule ina sifuri. Hata kama sashe nzima ya gramu 10 ingekuwa sukari tupu, ingekuwa kalori 40 zilizogawanywa ndani ya lita mbili za maji. Mtoto anapewa utamu, ulimi unaridhika, mama anaridhika kwamba mtoto amemaliza kikombe, na mwili haukupokea chochote kutoka kwenye utamu ule. Sashe haikumdhuru kwa kuwa sumu. Ilikalia kiti cha chakula.

Sheria za wenzetu ziliona jambo hili mapema. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya viungo vya chakula, namba 1333 ya mwaka 2008, hairuhusu vitia utamu hivi kwenye vyakula vya watoto wachanga na watoto wadogo, isipokuwa pale sheria inapotaja wazi. Kiwanda cha Ulaya hakiwezi kumtengenezea mtoto wa mwaka mmoja uji wenye sakarini. Mama wa Kigonze anautengeneza kwa mkono wake, kwa nia njema, kwa sababu pakiti haikumwambia.

Na sisi, tuna sheria gani? Si kweli kwamba hatuna chochote. Congo ni mwanachama wa Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula uliowekwa na FAO na OMS mwaka 1963, wenye orodha ya viungo na vipimo vyake. Tuna OCC, ofisi ya udhibiti iliyoundwa mwaka 1974, yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 inaitaja OCC kati ya huduma nne zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani, pamoja na duane, uhamiaji na usafi. Tangu mwaka 2022 tuko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina sheria yake ya viwango ya mwaka 2006, na bidhaa nyingi tunazokula hapa Ituri zinatoka kwa wanachama wenzetu. Tena Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 47, inadhamini haki ya afya na usalama wa chakula.

Shida ni kwamba sheria hizi zote zinakutana na sashe kwenye mpaka, ikiwa ndani ya katoni. Ukaguzi wa katoni unaweza kuonyesha kama muda umepita na kama muhuri upo. Haujui katoni itafunguliwa wapi, na kwamba sashe itauzwa moja moja, na itaishia ndani ya sufuria ya uji. Tena zile zinazopita kwa mitumbwi ya usiku au kwa njia za panya hazionwi na jicho lolote.

Kuna watakaosema: basi zipigwe marufuku. Mimi sikubaliani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei ya sukari yenyewe. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama kwa vita vya mwaka 1996. Kile cha Kwilu-Ngongo kiko Kongo Central, upande mwingine kabisa wa nchi. Sisi tunategemea sana sukari ya Uganda, inayovuka mpaka, inalipa ushuru, inalipa usafiri, inalipa barabara mbaya, na barabara ikifungwa kwa sababu ya vita, bei inapanda siku hiyohiyo. Ukimnyang'anya mama sashe bila kumpunguzia bei ya sukari, umemwachia uji mchungu, na magendo yataanza kesho yake kama yale ya Uswisi.

Ya pili ni kwamba wapo wanaovihitaji vitu hivi. Baba yangu mdogo ana ugonjwa wa sukari. Chai yake anaiweka kidonge kimoja cha sakarini, anakunywa na wenzake bila kujisikia mgonjwa. OMS, katika mwongozo wake wa mwezi wa tano 2023, ilisema watu wasitumie vitia utamu hivi kama njia ya kupunguza uzito, lakini ikaeleza kwamba neno hilo haliwahusu wale ambao tayari wana ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kuwa msaada kwa mzee na hasara kwa mtoto wa mwaka mmoja. Marufuku haiwezi kuwatenganisha hao wawili. Lebo inaweza.

Ndiyo maana ombi langu kwa wenye mamlaka, hapa mkoani na kule Kinshasa, ni dogo na halihitaji pesa nyingi. Katiba yetu, ibara ya kwanza, inaitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Basi sashe inayouzwa Ituri iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama anaweza kuzisoma: « Ina vitia utamu visivyo sukari. Haina nguvu ya chakula. Usitie kwenye uji wa mtoto. » Na chini yake mchoro wa chupa za maji: sashe moja, chupa ngapi. Hata asiyejua kusoma atahesabu chupa. Anayeleta katoni kutoka nje aambiwe hivyo kabla ya kupewa karatasi ya kupita. Sheria ya namna hiyo inafika pale ambapo mkaguzi hafiki, kwa sababu inasafiri ikiwa imebandikwa kwenye sashe yenyewe.

Kabla ya hiyo kufika, kuna tunayoweza kufanya wenyewe.

Wamama wa uji: uji wa mtoto usipate sashe. Kama sukari imekosekana, tia kijiko cha chai cha mafuta, ya mawese au mengine yoyote. Kijiko hicho kimoja kinaleta kalori 40 hivi, mara mbili ya kijiko cha sukari, na mawese mekundu yana vitamini A. Msaada wa chakula unapokuja, mara nyingi mafuta yamo na sukari haimo, tumia kilichomo. Karanga zilizosagwa laini nazo zinatia nguvu na ladha, na ndizi iliyoiva sana ikipondwa ndani ya uji inaleta utamu wa kweli. Mtoto aliyezoea rangi ya sashe atakataa siku ya kwanza na ya pili. Msibishane naye sana. Siku ya nne njaa itawapatanisha.

Wamama mnaouza juisi: tafuteni chupa ya lita moja na nusu, ijazeni, hesabuni. Sashe ikisema lita mbili, iwe lita mbili. Maji yawe safi, maana kwa mtoto wa kambi maji machafu yanaua haraka kuliko siklamati yoyote. Hilo tusilisahau kwa sababu ya kuogopa majina ya Kifaransa.

Na ninyi mnaonunua: geuzeni sashe, msome nyuma. Kama macho hayaoni herufi, mpeni mtoto wa shule awasomee. Akitaja E 950, 951, 952 au 954, mnajua sasa ni nini.

Redio itaandaa kipindi juu ya jambo hili, na tutamwalika mtu wa lishe ajibu maswali yenu moja kwa moja. Mliopo kambini, pitisheni maswali kwa wawakilishi wenu wa blok kama kawaida. Na yule mama wa Kigonze, kama unasikia habari hii au jirani anakusomea: asante kwa kunijibu bila kuficha. Kijiko cha mafuta, mama. Jaribu wiki hii.